Fundi Sibomana na Mashine ya Kunyonya Hewa

Nikimtaja Sibomana, watu husema: ah, yule fundi wa redio wa Gikondo, mpole yule. Mpole! Upole ni kitu kizuri kwa ng'ombe. Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, na upole wa mwanaume yule ulinipandisha presha kuliko fujo za walevi wote wa mtaa. Lakini nilimpenda, na mke wake Spès nilimpenda zaidi, kwa hiyo nitasema habari zao zilivyokuwa, na msinikatize.

Mimi ni mtu wa Bukavu, Zaire. Kigali nilikuja kufanya biashara ya friji mbovu. Mnacheka? Chekeni, lakini biashara hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yangu Ariane. Friji ikifa nyumbani kwa bwana mkubwa, mimi naichukua, naipasua, namuuzia huyu mota na yule bati. Sibomana alikuwa mteja wangu wa waya na vikorokoro.

Redio za Kigali wakati ule zilikuwa hazifi upesi, zilikuwa zinavunjika mwili. Mtu anaidondosha kwenye saruji, ganda linapasuka, ndani kila kitu kinaimba vizuri. Watu walizifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, wengine kwa kitambaa, wengine wakaziweka kwenye bati la maziwa ya unga. Sibomana aliona aibu. Alikuwa anasema redio nzima kwenye ganda bovu ni sawa na bwana harusi aliyevaa gunia.

Siku moja mwaka wa tisini, kabla ya vita, nilikuwa nang'oa mlango wa friji uani kwangu. Akapita, akainama, akaanza kupapasa upande wa ndani wa mlango, ile plastiki nyeupe yenye vishimo vya mayai.

"Mama Ariane, hii haina kiungo."

"Haina nini?"

"Kiungo. Ni bamba moja. Hapa limeingia, hapa limetoka, na hakuna palipogundishwa. Walilikunjaje?"

"Mimi nauza friji, siziumbi. Unataka mayai?"

Hakucheka. Alichukua ule mlango akaenda nao kwake, na kuanzia siku hiyo tukakosa amani. Kwanza alipasha kipande juu ya mbabula, lile jiko la mkaa. Kikaungua, moshi mweusi ukaingia kwenye nguo zangu zilizoanikwa, nikamtukana mpaka nikachoka. Baadaye akaweka bati juu ya mkaa ili joto lisambae. Hapo plastiki ikakubali kulainika. Ilikuwa inatanuka, halafu inalegea katikati kama tumbo la mlevi, na hapo ndipo unapotakiwa kuifunika juu ya kalibu ya mti haraka sana. Kalibu aliichonga mwenyewe, umbo la ganda la redio. Ya kwanza ubavu wake ulikuwa wima kabisa, plastiki ikaing'ang'ania, ikabidi avunje vyote kwa nyundo. Ya pili akaipunguza kidogo kwenda juu, ganda likatoka.

Lakini lilitoka bila sura, pembe zimeviringana kama mkate. Akasema lazima hewa iliyo chini ya plastiki inyonywe, ndipo plastiki itashika kila pembe. Akatengeneza sanduku la mbao, akaziba nyufa kwa nta ya mishumaa, juu akaweka plaiwudi yenye vitundu alivyotoboa kwa spoki ya baiskeli iliyowekwa motoni. Kalibu inakaa juu ya vile vitundu. Kunyonya, akachukua pampu ya baiskeli akageuza kile kipande cha ngozi cha ndani ili ivute badala ya kusukuma. Na nani avute? Spès!

Nilimkuta ameinama uani, kitenge kimefungwa kiunoni, anavuta ile pampu, jasho linatiririka, na anacheka. Spès alikuwa na kicheko kirefu, kinapanda kama mtu anayepanda ngazi. Alikuwa Mrundi wa mji wa Ngozi, Sibomana alimwoa huko akamleta. Yeye Mtutsi, mume Mhutu, na kwenye uzio wetu hilo lilikuwa jambo la karatasi tu.

"Dada," akaniambia, "wenzangu wameolewa na makarani. Mimi nimeolewa na pampu."

Pampu haikutosha, plastiki ilikuwa inapoa kabla hewa haijatoka. Ndipo Sibomana akaja kuniomba kompresa ya friji na mtungi wa gesi mtupu. Akaunganisha: kompresa inanyonya hewa ya mtungi polepole, mtungi unabaki na utupu ndani yake, koki imefungwa. Plastiki ikilegea, unaifunika juu ya kalibu, unafungua koki, na utupu wote unavuta kwa mpigo mmoja.

"Kwa hiyo," nikasema, "umechukua mtungi wangu ili uweke akiba ya kitu ambacho hakipo."

"Ndiyo hivyo hasa, Mama Ariane."

Akafungua koki. Plaa! Plastiki ikajibandika kwenye kalibu, kila pembe, kila mstari, hata alama ya patasi ilionekana. Spès akapiga vigelegele. Na mimi, nisiseme uongo, nilipiga pia. Mpaka Septemba karakana ilikuwa imejaa maganda meupe, yamepangwa hadi darini, yanangoja redio zake.

Mwanzoni mwa Oktoba waasi wakavuka mpaka kutoka Uganda. Hazikupita siku nyingi, Kigali yenyewe ikalia bunduki, na kesho yake askari wakaanza kuzoa watu. Ukiwa Mtutsi, ukiwa na ndugu nje, wewe ni icyitso, mshirika wa waasi. Waliwapeleka kwenye uwanja wa mpira wa Nyamirambo, wakawaweka juani bila maji.

Sibomana alikuwa amekwenda Masoro kumsaidia mama yake kupanda maharage. Spès alikuwa peke yake karakanani. Askari wakaingia, wakayaona maganda.

"Hii masanduku iko ya nini?"

"Ya redio," Spès akajibu.

"Redio yenyewe iko wapi?"

"Bado haijaletwa."

"Masanduku mingi hivi, redio hakuna hata moja! Umepeleka wapi? Kwa waasi?"

Mungu wangu, Spès akaanza kueleza. Mtu mkweli ana balaa. Akawaeleza habari za mtungi, na kompresa, na mashine inayonyonya hewa, na kila alichokieleza kilizidi kumchimbia shimo. Wakamtazama, wakasikia lafudhi ya Kirundi, wakamwomba kitambulisho. Mimi nilikuwa mlangoni napiga kelele kwamba ni maganda tu, jamani, ni milango ya friji zangu! Mmoja akaniambia, "Wewe Mzairwa, funga mdomo, ama na wewe panda gari." Wakamrusha Spès nyuma ya lori. Kiatu chake kimoja kikabaki kwangu.

Sibomana aliporudi akaketi kwenye kigoda. Akaketi! Nikamwambia simama, mwanaume wewe, unaketi unamsubiri nani? Akasema, "Ninafikiri." Kwa upande mmoja alikuwa na haki, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa wazi. Wakiamini kwamba maganda ni maganda, Spès atarudi. Wasipoamini, basi. Kule uwanjani watu walishaanza kutolewa wamefunikwa mikeka.

Tukapakia mashine yote kwenye toroli: mtungi, kompresa, sanduku, mbabula, kalibu. Tukaisukuma hadi kituo cha askari. Mara mbili walitufukuza. Mara ya tatu akatoka mtu mnene kidogo, sauti ya taratibu, wanayemwita Ajida kwa cheo chake. Alikuwa ameshika redio iliyofungwa mpira wa tairi.

"Wewe ndiye fundi wa masanduku?"

"Ndiyo, Ajida."

"Washa. Nione."

Tukavuta waya wa umeme kutoka dirishani. Sibomana akawasha mkaa pale uani, askari wametuzunguka wanatafuna mahindi. Lakini uwanja wa kituo ulikuwa mlimani, upepo unapiga. Plastiki ikalegea upande mmoja, upande wa pili bado ngumu. Sibomana akaifunika hivyo hivyo, akafungua koki. Ikapasuka katikati. Hewa ikapiga filimbi kwenye tundu.

Askari wakacheka. Ajida hakucheka. Akasema, "Hii mashine haitengenezi kitu. Sasa niambie ile masanduku ulitoa wapi."

Niliogopa, jamani. Halafu hasira ikanipanda, nikasema ni upepo, hamuoni? Nikafungua kitenge changu mbele ya wanaume wale wote, nikabaki na sketi ya ndani, nikakishika kwa mikono miwili kukinga mbabula. Mmoja akapiga mluzi. Nikamwambia amwendee mama yake akampigie mluzi huo.

Sibomana akaweka bamba la pili, akainama usawa nalo, akalitazama tu. Nilidhani amelala. Likaanza kulegea, likalegea sawasawa, akaliinua, akalifunika, akafungua koki. Plaa! Akangoja lipoe, akalitoa, akakata kingo kwa msumeno, akamwomba Ajida ile redio yake. Akaivua ule mpira, akaingiza matumbo yake kwenye ganda jipya, akakaza parafujo. Redio ikaimba.

Ajida akaigeuza huku na huku. Akaigonga kwa kucha. Akatabasamu kama mtoto aliyepewa viatu.

"Bibi yako anaitwa nani?" akauliza.

Spès alirudi kabla ya Noeli. Nisingemjua. Alikuwa amekonda, vidole viwili vya mkono wa kushoto vimepinda, na kile kicheko hakikurudi naye. Hakusema walimfanya nini na sikumuuliza. Nilimuogesha, nikampikia uji. Wengine wengi waliochukuliwa siku ile walikaa ndani miezi mingine, na wengine hawakutoka. Kwa hiyo Sibomana akawa na hakika kabisa: mashine yake ilimkomboa mke wake, na Ajida ni mtu mwema.

Ajida akawa wa nyumbani. Jumamosi anakuja na redio za wenzake, anakaa kwenye kiti cha Sibomana mwenyewe, anakula maharage na isombe, kisamvu cha Spès, anasifu chumvi. Alijua mlango wa mbele na mlango wa nyuma, alijua wanapoficha ufunguo. Mwaka uliofuata Spès alipojifungua binti, wakamwita Akimana, Sibomana akamwomba Ajida awe baba wa ubatizo.

Hapo niligombana naye. Nilimwambia, "Fundi, umpe mbuzi, umpe redio, umtengenezee maganda mpaka azikwe nayo. Mtoto usimpe."

"Huelewi, Mama Ariane. Kwetu baba wa ubatizo ni mzazi. Mtu hamdhuru mtoto aliyemshika juu ya maji ya ubatizo, wala nyumba ya mtoto huyo. Sasa yeye ni ndugu. Tumekingwa."

"Kikulacho ki nguoni mwako."

"Ninyi watu wa Bukavu mna maneno mengi."

Kanisani Ajida alimshika mtoto vizuri sana, kwa mikono miwili, kichwa kimeegemea kifuani. Na nisimsingizie, alimpenda. Kila akija alikuwa na peremende mfukoni, na Akimana alipoanza kutembea alikuwa anamkimbilia getini. Mtoto alimzoea kuliko hata mimi. Spès alikuwa anawatazama kutoka jikoni. Siku moja aliniambia kwa sauti ndogo, "Dada, nikimpa chakula mtu huyu, vidole vyangu vinauma." Nikamwambia arudi Ngozi kwao. Akasema Sibomana hataki kuiacha karakana. Na mwaka wa tisini na tatu, baada ya rais wa Burundi kuuawa, hata Ngozi haikuwa mahali pa kukimbilia tena.

Mwaka huo huo ikaanza redio mpya mjini. Muziki mzuri, watangazaji wa mzaha, na katikati ya mzaha matusi juu ya Watutsi, mende, nyoka, majina ya watu na mitaa yao. Kila mtu alitaka redio, hata waliokuwa hawana sabuni, na Sibomana hakupata usingizi kwa kazi. Unatembea Gikondo, unasikia sauti ile ile kutoka kila karakana na kila kibanda cha bia, inatoka kwenye maganda meupe ya milango ya friji zangu. Nilipomwambia, akajibu kwamba yeye anatengeneza ganda, hatengenezi sauti. Nilitamani kumpiga.

Ajida naye alikuwa anakuja na yake, anaiweka mezani. Mwanzoni, Spès akileta chakula, alikuwa anapunguza sauti. Kufika Krismasi alikuwa hapunguzi tena. Sibomana hakuliona hilo. Mimi niliona, na Spès aliona.

Halafu ikaja Aprili, ndege ya rais ikaangushwa, na kulipokucha wakaanza kuua. Siwezi kuelezea Gikondo siku zile, na wala sitaki. Mimi nilikuwa na pasipoti ya Zaire, nikiionyesha kwenye vizuizi wananiacha, wakati mwingine wananicheka. Nikasikia kwamba watu wanakimbilia Remera, kwenye uwanja wa Amahoro, kuna askari wa Umoja wa Mataifa. Nikapita kwenye tundu la uzio, nikaingia kwao.

Spès alikuwa tayari. Viatu miguuni, mtoto mgongoni amefungwa kwa kitambaa, ndoo ya maji mkononi. Sibomana alikuwa amesimama mbele ya mlango.

"Tunakwenda Remera," nikasema. "Tunapita bondeni, kwenye mafunjo, vizuizi viko juu barabarani. Sasa hivi."

"Hatuendi," Sibomana akasema. "Ajida alipita jana jioni. Amesema tusitoke. Amesema, 'Msifungue kwa mtu yeyote, nitakuja mwenyewe.'"

"Na wewe unamwamini?"

"Alimtoa uwanjani! Nani mwingine alimtoa? Wewe? Njiani watamuua, Mama Ariane, wataomba kitambulisho. Hapa ana mtu."

Spès akasema, "Sibo, tafadhali twende." Hakuwahi kumwomba kitu mbele yangu. Sibomana akamshika mabega, analia, mpole yule, akamwambia asubiri saa moja tu, akifika Ajida atawapeleka kwa gari hadi mahali salama. Nikamtukana kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, na kwa Kishi cha mama yangu. Nilimvuta Spès mkono. Alisita kati yetu, anamtazama mumewe, na tulikuwa bado tunabishana geti lilipogongwa.

"Fundi! Ni mimi."

Sibomana akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi, akaenda kufungua.

Ajida alikuwa amekuja mwenyewe, kama alivyoahidi. Nyuma yake walikuwa vijana sita au saba na mapanga, na mmoja alikuwa na redio begani. Hakuingia ndani sana. Alikuwa amechoka, macho mekundu, hakutaka kututazama.

"Fundi," akasema, "wamejua yuko hapa."

"Tuna gari? Umekuja na gari?"

"Mwaka ule nilikurudishia mkeo. Sasa wataniuliza mimi."

Sibomana hakuelewa. Ninaapa kwa Mungu, hakuelewa, alianza kumwambia Ajida achukue mashine, achukue karakana yote. Spès ndiye aliyeelewa. Akaweka ndoo chini. Akafungua kitambaa, akamzungusha mtoto kutoka mgongoni, akatembea moja kwa moja mpaka kwa Ajida, wale vijana wakabaki wameduwaa. Akampa mtoto mikononi.

"Mwanao wa ubatizo huyu," akasema. "Mshike wewe. Usimwachie mtu."

Ajida akamshika. Angefanya nini? Akamshika kama alivyomshika kanisani, kwa mikono miwili, akamgeuza uso wake kifuani. Alisimama hivyo hivyo pale getini, hakusogea, wakati vijana wakimpitisha Spès pembeni yake kwenda nyuma ya karakana. Sibomana alikimbia nyuma yao, wakampiga kwa ubapa wa panga, akaanguka. Mimi nilikuwa napiga mayowe na kijana mmoja alikuwa amenikalia.

Haikuchukua muda. Waliporudi, mmoja akamnyooshea mtoto kidevu. Ajida akasema, "Huyu baba yake ni wetu. Ni mwanangu." Na hakuna aliyebisha.

Halafu akaja akamweka Akimana mikononi mwangu, kwa sababu Sibomana alikuwa bado chini. Akatoa peremende mfukoni, akampa. Akanyoosha shati lake, akaondoka na watu wake. Maneno yangu yote, mimi Mama Ariane, yalikuwa yamekwisha.

Mtoto hakuwa ameona lolote. Alikuwa anajirusha mikononi mwangu, ananyoosha mikono kuelekea getini, anamlilia Ajida arudi ambebe.